Somo la Barua Darasa la Tatu

Tulipoingia darasa la tatu tulipewa kalamu za wino. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumeandika kwa kidole kwenye mchanga nje ya darasa, wa pili tukaandika kwenye vibao vya mawe. Sasa kila asubuhi mwalimu alikoroga wino wa unga ndani ya chupa, akapita akitutilia kidogo kidogo katika vikombe vya udongo tulivyofinyanga wenyewe. Harufu ya wino ule sijaipata tena mahali popote, na nimeitafuta.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Masumbwe, nyumba moja ndefu ya udongo iliyoezekwa nyasi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Wavulana walikuwa thelathini na kitu, wasichana wawili tu, mimi na rafiki yangu. Tuliketi benchi moja karibu na dirisha. Asubuhi tulikuja pamoja tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na siku za Ijumaa sisi wawili ndio tuliosiliba sakafu ya darasa kwa mavi ya ng'ombe, wavulana wakichota maji. Yeye alikuwa mrefu, si msemaji, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote.

Mama yake hakuwepo. Alikuwa Mzinza, na alipoachana na mumewe alirudi kwao, upande wa Buseresere. Mtoto alibaki kwa baba, kama ilivyokuwa desturi. Wakati huo rafiki yangu alikuwa na miaka saba hivi. Tangu siku ile, pale nyumbani, mama yule hakutajwa tena.

Siku moja mwalimu aliandika barua nzima ubaoni. Alikuwa kijana kutoka upande wa Tabora, mwenye baiskeli na koti moja la kaki. Tuliisoma wote kwa pamoja kwa sauti: salaamu sana, mimi ni mzima, natumaini nawe u mzima. Kisha akasema kila mmoja amwandikie mtu wa kweli aliye mbali, naye mwenyewe angezipeleka barua kwenye duka la Mhindi lilipopita lori la posta.

Rafiki yangu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama mtu si mzima, anaandika nini?"

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Mwalimu."

Wavulana walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuja hadi benchi letu, akauliza kwa sauti ya chini, "Unamwandikia nani?"

"Mama yangu. Lakini Kiswahili hakijui vizuri. Nikiandika hivi ataniona kama mgeni."

Shuleni kwetu mtu hakuruhusiwa kusema Kisukuma, lugha aliyozungumza na mama yake, sembuse kukiandika. Mwalimu aliitia chaki mfukoni mwa koti.

"Mwandikie kwa lugha mliyokuwa mkizungumza," alisema. "Herufi ni zilezile."

Mimi nilimwandikia kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, nikamwomba aniletee kitambaa cha gauni. Nilimaliza upesi, nikabaki nikimchungulia mwenzangu. Aliandika huku ameuma mdomo, akichovya kalamu na kuifuta ukingoni mwa kikombe ili wino usidondoke. Aliandika kwamba sasa anajua kuandika. Aliandika kwamba ana bibi upande wa baba anayemtunza vizuri. Halafu akaandika maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: Mayu, mama yangu, sauti yako ninayo, lakini sura yako imeanza kunipotea.

Kwenye bahasha mwalimu aliandika jina la katekista wa kule Buseresere, kwa kuwa mama hakujua kusoma.

Ikapita miezi miwili. Kila mwalimu aliporudi na baiskeli kutoka dukani, rafiki yangu alisimama wima pale benchini bila kuambiwa. Kaka yangu alijibu. Wavulana kadhaa walijibiwa. Yeye hakupata kitu. Ninalolisema sasa sijawahi kulisema: nilikuwa nikiomba Mungu jibu lisije. Nilijua akimpata mama yake, mimi ningebaki peke yangu.

Jibu lilikuja. Mwalimu alimpa mkononi wakati wa mapumziko, tukaenda nyuma ya darasa, kwenye matuta ya karanga ya shule. Aliigeuzageuza bahasha bila kuifungua, akanipa mimi. Katekista alikuwa ameandika kama mama alivyosema, kwa Kisukuma. Nilimsomea mara mbili. Hakulia. Alininyang'anya karatasi, akaitia ndani ya gauni, tukarudi kwenye hesabu.

Habari za barua zilimfikia baba yake huko dukani. Siku ya tatu yake alipiga hodi mlangoni mwa darasa akiwa na fimbo yake ya kuchungia. Sote tulisimama tukamwamkia.

"Marahaba," alisema. Akamgeukia mwalimu. "Nimesikia mwanangu ana barua. Mimi sikusoma. Nataka niisikie."

"Nikusomee, baba?"

"Hapana. Aisome yeye."

Rafiki yangu akatoka mbele. Barua ilikuwa bado ndani ya gauni. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama tulivyofundishwa. Mama alisema ameisikia barua yote, na kwamba alimwomba katekista airudie mpaka akaishika kichwani. Alisema yeye pia sura ya mwanawe ilikuwa imeanza kumtoka, kwa sababu anajua imebadilika. Alisema, mwambie baba yako sina ugomvi naye, namwomba tu nikuone.

Baba aliangalia sakafu muda wote.

"Ile ya kwanza," aliuliza mwishowe, "uliandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Hukuandikiwa na mwalimu?"

"Hapana, baba. Niliandika mimi."

Alimwambia mwalimu, "Wabeja," yaani ahsante, akatoka. Hakuna aliyejua kama amekasirika. Jioni hiyo nilimsindikiza rafiki yangu mpaka kwenye ua wa miba wa kwao, kwa sababu aliogopa, lakini baba yake hakusema neno. Hakusema siku ile, wala wiki ile. Tuliendelea na masomo. Tulijifunza mito, tukavuna karanga za shule, tukaimba mbele ya mkaguzi.

Shule ilipofungwa, baba yake alimpakia kwenye baiskeli, sanduku dogo la bati limefungwa mbele, akampeleka kupanda lori lililokwenda upande wa Biharamulo, aende kwa mama yake. Walipita kwetu. Rafiki yangu alishuka, akanishika mikono yote miwili.

"Ni likizo tu," alisema. "Nitunzie kikombe changu cha wino."

Shule ilipofunguliwa hakurudi. Mwalimu alinihamishia benchi la mbele, nami nikaomba kurudi dirishani. Akaniruhusu. Niliandika barua tatu. Moja ilijibiwa, kwa mwandiko uleule mzuri: hakuna shule ya karibu inayopokea wasichana, anamsaidia mama kulima muhogo, na Jumapili huwasomea akina mama kanisani kwa kuwa ndiye msichana pekee anayejua. Alisema anafurahi. Aliuliza kama tayari tumefika kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili.

Nilimjibu siku hiyohiyo, nikamwonyesha jinsi ya kugawanya, hatua kwa hatua, ukurasa mzima. Sikupata jibu tena. Mwalimu alihamishwa, duka la Mhindi likafungwa, na mimi nikaenda kusoma kwa masista, kisha nikawa mwalimu Shinyanga. Miaka mingi nilipokuwa nikikaa Ngokolo, mtaa mmoja wa mji huo, nikisikia mwanamke sokoni ana lafudhi ya Kizinza nilimuuliza kama anatoka Buseresere. Wengine walitoka huko. Nilimweleza kila mmoja juu ya msichana mrefu aliyekuwa akiwasomea akina mama kanisani, nao walifikiri kweli, kwa huruma, kisha wakatikisa kichwa.