Upande wa Utingo

Mashine ile ilikuwa itupwe. Nilikuwa nimeshaitia kwenye mfuko mweusi pamoja na viatu vilivyokatika na taa ya mezani isiyowaka, nikauweka mfuko mlangoni ili nikishuka kufua nguo niutupe. Ni mashine ya gemu ya kijana wetu, ya zamani, ya kijivu. Alipokuwa shuleni aliishi nayo kuliko alivyoishi na sisi. Sasa ameoa, amehamia Richmond Hill, na mashine ametuachia kabatini kana kwamba fleti yetu ya St. James Town, hapa Toronto, ni ghala lake. Mume wangu akapita akichechemea, akaufungua mfuko bila kuuliza, kama kawaida ya mtu asiye na shughuli mchana.

"Hii si ile ya magari?"

"Ndiyo hiyo. Na inatupwa."

"Haitupwi."

Kiharusi kilimpata mwanzoni mwa majira ya baridi, asubuhi, akinyoa ndevu. Nashukuru hakikumkuta barabarani, kwa sababu alikuwa dereva. Sisemi alifanya kazi ya udereva. Alikuwa dereva, kama mwingine alivyo mrefu. Kwetu Tanzania aliendesha malori ya mizigo kutoka Dar mpaka Tunduma, yeye na utingo wake, yule msaidizi anayekaa upande wa pili na kutoa kichwa dirishani kuangalia asikoona dereva. Hapa Toronto akaendesha gari la mikate, akisambaza madukani mpaka huko Unionville, miaka nenda rudi. Hospitali ilipomruhusu alirudi na fimbo, mguu wa kushoto unaoburuta, mkono wa kushoto uliolegea, na habari kwamba leseni yake imesimamishwa mpaka apimwe upya mwezi wa nne. Mguu hakuulalamikia. Mkono hakuulalamikia. Leseni ndiyo iliyomlaza kitandani akiangalia ukuta.

"Macho yangu mazima," aliniambia kila siku. "Nasoma mpaka maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Mwezi wa nne wananirudishia."

Nilimjibu, Mungu akipenda. Na nilitaka arudishiwe pengine kuliko yeye mwenyewe. Mwanamume aliyezoea kutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, ukimfungia kwenye vyumba viwili na mke mwenye mdomo kama wangu, mmoja atammaliza mwenzake.

Basi ile gemu. Nilidhani ni mambo ya watoto, magari yanaruka na kulipuka. Kumbe sivyo. Ni ya zamani, picha zake zina ukungu kidogo, lakini walioitengeneza walikuwa na akili za mtu mzima. Unaanza na vijisenti, unanunua gari kuukuu la Kijapani, yale yale ya mitumba yaliyojaa kwetu. Mume wangu alipoyaona yamepangwa kwenye skrini alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Akayataja moja moja, lipi linakunywa mafuta, lipi lina gia ngumu, lipi usilinunue hata ukipewa bure. Halafu, kabla hujaruhusiwa kuingia mashindano ya maana, gemu inakutaka ufanye mtihani wa leseni. Uondoke, ukimbie, usimame ndani ya mstari. Uingie kona bila kutoka kwenye lami. Ukikosea, unarudia.

"Hata hawa nao wananidai leseni," alisema.

Ya kwanza aliipata baada ya kurudia mpaka kidole gumba kikamuuma. Yule dada wa mazoezi aliyekuwa akija nyumbani kumnyoosha viungo alifurahi sana, akasema acheze tu, vidole vya kushoto vinahitaji kazi. Kwa hiyo gemu ikawa dawa, na mimi nikapoteza haki ya kulalamika. Mchana kutwa ni ngurumo. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, nawalisha, nawageuza, nawavalisha soksi. Nikirudi kwangu nimechoka, nakuta mzee wangu mwenyewe yuko kwenye lami anakimbizana na Wajapani.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Gari lake lilikuwa linasugua kushoto. Ukuta ukiwa kushoto, lazima augonge. Gari lingine likimpita kwa kushoto, watagongana, na yeye atang'aka kama mtu aliyeporwa. "Huyu naye katokea wapi?" Katika gemu ile magari hayabonyei. Ukigonga unasikia kishindo, gari linayumba, kisha unaendelea likiwa zima kama limetoka dukani. Kwa hiyo hakuna aliyetilia maanani.

Tena sababu tulikuwa nayo tayari. Kwetu gari hupita kushoto mwa barabara, hapa hupita kulia. Kijana wetu alipokuja Jumapili moja akamwangalia baba yake akisugua ukuta mzunguko mzima. Kiswahili anakielewa ila mdomoni hakitoki, kwa hiyo alisema kwa Kiingereza kwamba baba bado anaendesha Tanzania. Tukacheka wote. Wazee wawili wa kanisani walipokuja kumjulia hali nao wakasema yale yale. "Mzee, hapo ni Mikumi, angalia tembo!" Yeye mwenyewe akalipenda hilo jibu.

"Mkono umekumbuka nyumbani," alisema.

Likawa neno la nyumba yetu. Akigonga bega la kushoto mlangoni akiingia chooni, bega limekumbuka nyumbani. Akivaa sweta mkono mmoja, ule wa kushoto ukabaki unaning'inia, sweta nalo limekumbuka nyumbani. Hakuna aliyejiuliza mbona mtu huyu ameendesha gari la mikate upande wa kulia miaka yote hiyo bila kukwaruza hata kioo.

Mimi wakati huo nilikuwa na ugomvi wangu mwingine. Alikuwa anabakiza chakula. Namwekea ugali na samaki upande wa kulia, mchicha kushoto, kama nilivyomwekea tangu tuoane. Anamaliza ugali, anamaliza samaki, mchicha anauacha vile vile haujaguswa, kisha anasema siku hizi nampimia chakula kama mgonjwa.

"Na mchicha?" nilimuuliza siku moja.

"Mchicha gani?"

Damu ikanipanda. Mchicha wenyewe hapa wakati wa baridi unatafutwa kwa tochi. Nimepanda basi mbili kuufuata, nimeuchambua mikono inauma, halafu mtu ananiuliza mchicha gani. "Basi kesho utakula mkate mkavu," nilimwambia. Akaniangalia kama asiyejua amekosa nini. Nikaichukua sahani nikaenda kuiosha kwa kelele.

Mwezi wa tatu ukaingia, theluji imegoma kuyeyuka. Jumamosi moja sikuwa na zamu. Alikuwa amekaa mbele ya skrini, rimoti ya gemu mkononi, akaniita.

"Mama, njoo tushindane. Nimechoka kukimbizana na watu wasiopumua."

Sijui gemu na sikutaka kujua. Lakini aliniomba kwa ile sauti ya zamani, nikavuta kiti nikakaa kushoto kwake. Nilipochomeka rimoti ya pili nikazichanganya, yangu ikaingia tundu la kwanza na yake la pili, maana sikujua kama kuna la kwanza na la pili. Mkiwa wawili, skrini inagawanyika katikati, kila mtu na nusu yake. Nusu ya kushoto ikawa yangu, ya kulia yake.

Tukaanza. Nikaondoka, nikagonga ukuta, nikarudi nyuma, nikagonga tena. Nikawa nacheka peke yangu kama mwehu. Yeye anakimbia zake. Alipomaliza mzunguko wa kwanza akauliza, "Mama, mbona huanzi?"

"Nimeanza zamani. Si unaniona nimekwama hapa ukutani?"

"Wapi? Nipo peke yangu hapa. Upande wako haujawaka."

Nilidhani ananitania. Kabla ya ugonjwa alikuwa mtani sana. Nikamgeukia nimwangalie usoni, na hakuwa anatania. Macho yake mazuri, mazima, yalikuwa yametulia kwenye nusu ya kulia. Nusu nyingine, yenye ukuta wangu na gari langu jekundu, kwake haikuwa giza wala ukungu. Haikuwepo tu.

Hapo nikaogopa. Kule kazini niliwahi kumlisha bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akila nusu ya sahani na kusema bado ana njaa. Muuguzi alinieleza kwamba kiharusi wakati mwingine huacha macho mazima kikachukua upande mmoja wa dunia, na mwenyewe asijue, kwa sababu hawezi kutafuta kitu ambacho kwake hakipo. Yule bibi nilikuwa namgeuzia sahani kila siku, na ya nyumbani kwangu sikuwa nimeigeuza hata mara moja.

Jioni ile nilipika kama kawaida. Alipomaliza ugali na samaki akasukuma kiti nyuma. Nikanyoosha mkono, nikaizungusha sahani taratibu.

"Ah," alisema, "umeniongeza mchicha."

Akaula wote. Akanishukuru. Nilikwenda jikoni nikafungulia maji kwa nguvu ili asinisikie nikilia.

Mwezi wa nne ulikuwa unakuja. Shati la kwendea kupimwa alikuwa ameshaagiza lipigwe pasi, na mpigaji pasi ni mimi. Funguo za kigari chetu, kilicholala chini ya jengo tangu augue, alizitundika pembeni ya skrini azione kila akicheza. Ningeweza kunyamaza, akaambiwe huko, mbele ya mtu baki, kisha arudi nyumbani ameinama. Kwetu aibu ya mume haibebwi ikapelekwa nje kabla yake, na sikutaka kumtangulia kwa daktari kama mchongezi. Lakini kulikuwa na jambo lililonitisha zaidi. Je, wasipoligundua? Wakimrudishia leseni, atatoka nayo siku hiyo hiyo, na watoto wa mtaa wetu wa Sherbourne wanavuka barabara wakitokea pande zote mbili.

Nikaamua nimwambie mimi. Na kwa kuwa sikuwa na maneno, kesho yake tulipotoka kanisani niliwasha gemu.

Tukakaa vile vile, mimi kushoto. Mbio zikaanza, sikubonyeza kitu. Gari langu likabaki pale pale kwenye mstari. Nilimwacha akimbie kidogo, kisha nikasema, "Baba, geuza kichwa. Kushoto. Zaidi. Mpaka unione mimi."

Akageuza. Akaniona, akashtuka, kana kwamba nimeingia chumbani bila kubisha hodi. Kisha akarudisha kichwa polepole, macho yakapita kwenye skrini, yakakuta nusu yangu na gari jekundu limesimama. Kidole chake kilikuwa bado kimekandamiza mafuta, na upande wake gari likaingia ukutani.

"Ulikuwa hapo tangu lini?"

"Tangu tuanze."

Akageuza kichwa kulia, akakirudisha kushoto. Akafanya hivyo tena, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mume wangu hajawahi kuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Na mchicha?" aliuliza.

"Na mchicha."

"Na ule ukuta. Siyo nyumbani."

"Siyo nyumbani, baba."

Aliiweka rimoti mapajani. Gemu ikaendelea kunguruma bila mtu. Nilitaka kumwambia kwamba huenda itarudi, kwamba kuna mazoezi, kwamba hata mkono ulilegea na sasa unashika. Nilimjua, angenichukia.

"Ningemgonga mtoto wa mtu," alisema baadaye. Akazitungua funguo, akanikabidhi.

Kupimwa alikwenda, alitaka kwenda. Alivaa shati lake. Walimwekea kidevu kwenye kifaa chenye vitone vya mwanga, ukikiona kitone unabonyeza kitufe. Nilikaa nyuma yake nikisikiliza. Anabonyeza, anabonyeza, kisha kimya kirefu mpaka unadhani amelala, kisha anabonyeza tena. Daktari alivuta kiti akaanza kueleza kwa sauti ya huruma. Mume wangu akamkatiza kwa Kiingereza chake cha madukani, kwamba anajua, mkewe ameshamwambia. Kigari kilichukuliwa na kijana wetu. Siku ile hakumtania baba yake, alimshika bega tu, lile la kushoto, na mzee hakugeuka mpaka alipoitwa.

Gemu bado ipo. Jioni, kabla ya chakula, nakaa kushoto kwake bila rimoti, naangalia badala yake. Anauliza "Kushoto?" Namwambia ukuta, au namwambia gari jeupe linakuja, au namwambia kweupe, pita. Wakati mwingine nachelewa na tunagonga wote. Leseni za gemu alizokuwa amezikosa amezipata karibu zote, na kila akipata moja haishangilii, anaingia tu kwenye inayofuata.

Juzi tulikuwa kwenye kona mbaya, nikampitisha vizuri. Akasimamisha gari katikati ya mbio, wenzake wakampita.

"Kwetu ningeendesha," alisema. "Hata hivi nilivyo. Lori lina utingo, anakaa kushoto, anakuangalizia. Upande ule dereva hana haja nao."

Sikumbishia. Hapa usukani uko kushoto. Ukikaa kwenye kiti cha dereva, kushoto kwako kuna mlango, kisha barabara, na hakuna mahali pa mimi kukaa.