Ndiyo ya Yakobo na Mizinga ya Baba

Naikumbuka vizuri siku ile ya stesheni ya Usoke, mwanangu, na nisingependa kuikumbuka, ila wewe ndiye umeniamsha. Umekaa hapo tangu asubuhi na hiyo simu yako, unanisomea mbunge wetu alipiga kura gani. Hapa alisema ndiyo, pale alisema siyo, na kila ukimaliza moja unasonya. Haya, iweke simu chini kidogo. Kunywa uji huo, unapoa. Nikwambie habari ya ndiyo moja tu, ya zamani za Mwingereza, ambayo mpaka leo inaniuma.

Siku hiyo tulikwenda kumsindikiza Yakobo. Mimi na Yakobo tulizaliwa msimu mmoja, tukachunga mbuzi pamoja, tukakaa dawati moja shule ya misheni. Na sikiliza, usije ukasema mzee anajisifu: darasani nilikuwa namshinda. Hesabu nilimshinda, Kiingereza nilimshinda, hata kanisani sauti yangu ndiyo iliyosikika. Yeye akawa mwalimu, mimi nikawa karani wa baraza la mtemi. Basi Gavana akataka Mwafrika wa upande wetu wa kumtia katika Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam, na jina lililotoka likawa la Yakobo. La Yakobo! Siku tatu sikuwa na hamu ya ugali.

Stesheni ilijaa watu. Akina mama wanapiga vigelegele, watoto wamepanda juu ya magunia, na Yakobo mwenyewe amevaa koti la kuazima, mabega yanampwaya. Nikasema kimoyomoyo, tazama linavyomkaa, huyu ndiye wa kwenda kusema mbele ya Wazungu? Mara nikamwona baba yangu mzazi anapenya katikati ya watu, ameshika kibuyu cha asali. Ilikuwa asali ile ya kwanza ya mavuno, ambayo sisi watoto wake tulilambishwa kwa ncha ya kidole tu. Akampa Yakobo kibuyu kizima.

"Nenda, mwanangu," akamwambia. "Wewe ndiye mdomo wetu."

Nilipopata ukarani, baba alinipa nini? Alinipa mkono. Alinishika mkono, akasema vema, akaenda zake. Sasa mtoto wa watu anapewa kibuyu, tena anaitwa mwanangu. Hapo ndipo kijicho kiliponiingia, na kilipoingia kilikaa. Sikufichi, nilimwonea wivu Yakobo mpaka nikawa namchukia kwa namna anavyocheka. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilijidai ninazo, nikawa nazihesabu kila siku.

Lazima nikueleze juu ya mizinga, maana nyinyi wa siku hizi asali mnaijua ya chupa. Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome aliitundika ndani kabisa ya msitu, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na mingine aliirithi kwa babu. Kila mzinga ulikuwa na alama ya mwenyewe, imechongwa kwa kisu. Alama ya baba ilikuwa mikato mitatu iliyosimama na mmoja umelala juu yake. Mtu wa kwetu angeweza kupita na njaa yake chini ya mzinga wenye alama ya mwenzake, asiuguse. Baba hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alama za warina wote wa nchi ile alikuwa nazo kichwani.

Sasa, kazi mojawapo ya ukarani wangu ilikuwa hii. Kila baada ya muda Yakobo alinitumia taarifa za mazungumzo ya lile Baraza, zimepigwa chapa kwa Kiingereza. Siku ya baraza la mtemi, wazee wakishamaliza kesi zao za ng'ombe na mahari, mimi husimama nikawasomea kwa Kiswahili: mjumbe wetu kasema hivi, kapiga kura hivi. Hakuna mwingine pale aliyekijua Kiingereza. Umeona hatari hiyo? Mtu mmoja ndiye jicho la kijiji kizima, na jicho lenyewe lina kijicho.

Mwanzoni sikudanganya. Nilichofanya ni hila ndogo ndogo. Yakobo akidai dawa za zahanati, nasoma haraka haraka kama mtu anayemeza kwinini. Akisimama kupinga jambo na asishinde, hapo nasoma polepole, natua, nawatazama wazee usoni. "Ameshindwa," nawaambia, na kukohoa kidogo. Wazee wanatikisa vichwa. Nikirudi nyumbani siku hiyo, chakula kinanishuka vizuri.

Kisha ukaja mswada wa msitu. Serikali ilitaka kuufunga msitu wetu uwe hifadhi, mtu asikanyage. Kabla hajaondoka, Yakobo alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba jambo hilo likija atalikataa. Taarifa ilipofika niliifungua peke yangu ofisini. Nikatafuta orodha ya kura. Waliosema siyo, jina lake halimo. Waliosema ndiyo, limo! Mwanangu, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikasoma ukurasa uliotangulia. Pembeni Yakobo alikuwa amepiga mstari kwa wino, akaandika kwa mkono wake: "Ndugu yangu Zakaria, hapa wasomee taratibu." Kumbe alikuwa amesimama mara mbili kuupinga mswada. Alipoona utapita tu, hata akikataa, akapigania kifungu kiingizwe: kila mrina atakayepeleka alama yake boma la Tabora ikaandikwa, kabla mvua hazijakatika, atapewa cheti cha kuingia msituni kurina mizinga yake, yeye na wanawe baada yake. Wakubwa wakakubali kifungu, naye ndipo akasema ndiyo. Ile ndiyo ilikuwa bei ya mizinga yetu.

Nilielewa vizuri. Usifikiri sikuelewa, Kiingereza nilikuwa nacho. Nikaukunja ule ukurasa kwa ndani, nikapitisha ukucha juu ya kunjo.

Siku ya baraza nikasoma: "Mswada wa kufunga msitu. Yakobo: ndiyo." Nikaishia hapo. Ukazuka mzomeo. Mzee mmoja akatema mate chini. Baba yangu alikuwa amekaa mbele, akauliza, "Karani, hakuna zaidi ya hapo?" Barazani aliniita karani, sio mwanangu.

"Ndiyo hiyo tu, mzee," nikajibu.

Nilikusudia wamkasirikie wiki moja, mbili, kisha nijifanye nimeona kitu kingine. Basi tu, nijiburudishe roho. Lakini uongo wa kwanza ulidai mwenzake. Siku chache baadaye akaja tarishi wa serikali, anatangaza watu wapeleke alama zao boma. Wazee wakasema, "Aa, huo ni mtego. Yakobo ameshatuuza, sasa wanataka alama ili watukamate vizuri." Wakanigeukia. "Wewe karani umesoma karatasi zao, wasemaje?"

Nafasi ilikuwa ile. Ningesema, tungepona. Lakini kusema kweli ilikuwa ni kujivua nguo mbele ya watu, na mimi nikajitazama nafsi yangu kuliko mizinga ya kijiji kizima. Nikasema, "Wazee, ninyi ndio mnaojua." Hakwenda hata mmoja. Mvua zikakatika.

Kiangazi kilipoingia, baba akachukua kamba zake na wenzake, wakaenda kurina. Walipofika ukingoni mwa msitu askari wakawazuia. Walipokuwa wamesimama pale wanabembeleza, wakapita warina wa Igalula, wana vyeti, wanaingia. Mmoja wao anamjua baba. Akamshangaa: "Kwani mjumbe hakuwaletea habari? Sisi karani wetu alitusomea yote."

Baba alirudi kwa miguu siku mbili, vyombo vitupu. Hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, mchana, vumbi limemjaa hadi kope. Nikasema, "Shikamoo, baba." Hakuitika marahaba. Akasema, "Lete ile karatasi ya Yakobo."

Nikaitoa. Nikajipa moyo, huyu hajui kusoma, atajuaje? Baba akaichukua, akaigeuza taratibu kama anayekagua mzinga, kidole chake kikapita juu ya kurasa mpaka kikafika kwenye kunjo. Akalikunjua. Akauona ule mstari wa wino pembeni.

"Kusoma sijui," akasema. "Alama naijua. Mtu aliyeweka alama hapa alitaka paonekane. Na aliyekunja hapa alitaka pasionekane. Nisomee, Zakaria. Usiruke."

Nikasoma. Nikamsomea Yakobo alivyosimama mara mbili. Nikamsomea kifungu cha vyeti. Na chini kabisa palikuwa na maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapita mbio, kwa sababu yaliniuma kuliko yote. Yakobo aliwaambia wale Wazungu kwamba kwao Usoke yuko mzee aliyempa kibuyu cha asali siku anaondoka, mzee asiyejua kuandika jina lake lakini jina lake limechongwa msitu mzima, na kwamba mzinga wa mzee yule ni shamba lake kama wao walivyo na mashamba yao.

Nilipomaliza, baba akaupapasa ule mstari wa wino. Kisha akasema, "Kumbe alinitaja." Hilo tu. Akageuza uso akatazama ukutani, na nikaona mabega yake yanatikisika. Mwanangu, nimefiwa, nimeugua, nimezika mke. Sijawahi kuumia kama siku ile.

Akanisimamisha mbele ya baraza, nikasema yote kwa kinywa changu. Walionizomea walikuwa na haki. Ukarani ukaniponyoka, na hilo si neno. Yakobo aliporudi kwa garimoshi hakukuwa na vigelegele, watu waliona haya kumtazama. Aliposikia mambo yalivyokuwa, hakwenda hata kwake. Siku ile ile akapanda tena kwenda Tabora, akamlilia Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, aongeze muda. Akajibiwa kwamba muda ni ule ule alioukubali mwenyewe kwa kura yake, na sheria imeshafunga.

Ndipo alipokuja kwetu. Alikuwa amebeba kile kibuyu. Unajua desturi, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo alikuwa amekijaza chumvi ya pwani. Baba akakipokea kwa mikono miwili, akamimina chumvi chunguni, kisha akabaki amekishika tu. Ilikuwa zamu yake kukijaza asali, na asali hana. Nikamwona anakigeuza geuza, mzee mzima, hajui akiweke wapi.

Nikampigia Yakobo magoti. Nikasubiri matusi, na nilikuwa nayataka. Akaniinua, akasema, "Zakaria, karatasi zile nilikuwa nakuletea wewe, sio mwalimu wala padri, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unatushinda sote kusoma."

Miaka yote nilikuwa nangoja mtu aseme neno lile. Likaja siku ile, sikuwa na pa kulipokelea.

Baba hakurina tena mpaka anakufa. Mizinga ilioza juu ya miti yake na alama zake. Siku moja aliuchukua ule ukurasa, akaukunja mle mle kwenye kunjo langu, akautia ndani ya kibuyu, akakitundika ukutani. Aliniambia, "Haya ndiyo mavuno uliyotuletea." Ndicho kibuyu kile unachokiona pale. Ulikuwa ukiniuliza tangu utotoni mbona sikitumii.

Sasa chukua simu yako, mwanangu, sikukatazi. Mtu aliyepewa mdomo wa watu lazima aulizwe aliutumiaje, na kama mbunge wenu amewauza, mseme hadharani bila kuogopa. Lakini ukiona mahali alisema ndiyo, usiishie hapo ukasonya. Rudi ukurasa wa nyuma, uone alipinga nini, alipata nini, alisema ndiyo kwa bei gani. Na kabla hujarudi nyuma, jitazame wewe kwanza. Ukiona mtu amekosea nawe unachekelea peke yako chumbani, jua hapo husomi wewe, kinasoma kijicho chako. Mpe mwingine akusomee. Na wivu ukikujia, maana utakuja, wewe pia ni mtu, mwambie unayemwonea. Ningemwambia Yakobo pale stesheni, "Ndugu yangu, naumia," angecheka kile kicheko chake nilichokichukia, akanishika bega, na baba angekufa akiwa na asali yake.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe macho yasiyoruka mstari. Akupe ulimi unaofikisha ulichotumwa, hata kikiwa ni sifa ya mwenzako. Akikupa vya kwako ushukuru, akimpa jirani upige vigelegele, na kila chombo kitakachoingia mikononi mwako kitoke kimejaa. Amina. Haya, nenda ukaniangulie kile kibuyu. Leo nataka uusome wewe ule ukurasa, wote, kwa sauti.