Kitabu cha mume wangu kinasema amejisomesha mwenyewe, na shamba la ukoo wetu je?

Assalaam aleykum admin, na ndugu zangu Wakristo mnaosoma hapa nawasalimu pia. Jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mluguru, Mwislamu, elimu yangu darasa la saba. Naishi Bigwa na mume wangu na watoto wetu. Nikikosea kuandika mnisamehe, naandika moyo unauma.

Mume wangu ni mwalimu wa Kiingereza sekondari. Si mtu wa huku, alikuja kwa kazi akanioa, na kwetu akapokelewa kama mtoto wa kuzaa. Miaka mingi kilio chake kilikuwa masta. Ruhusa ya kwenda kusoma alipata, ada ndiyo hakuna. Aliomba ufadhili mara tatu, na kila akikosa anarudi, anakaa kitini hata viatu havui. Siku moja akaniambia, "Mama watoto, wanataka walimu wa sayansi. Sisi wa Kiingereza ni kama chumvi, tunakumbukwa chakula kikishapoa." Nikamwonea huruma. Huruma ile ndiyo inayoniadhibu leo.

Kwetu mlimani ardhi inafuata upande wa mama. Shamba alilotuachia bibi, la migomba na mdalasini, si langu wala si la mama yangu, ni la ukoo, na msimamizi ni mjomba. Kulitoa kwa ajili ya mkwe si jambo la kawaida. Nilipanda kwa mjomba mara nne kumbembeleza likodishwe, ada ipatikane. Mara ya nne mama alikwenda nami na miguu yake inayovimba, akamwambia, "Kaka, huyu mkwe nimemlea. Akituangusha, unilaumu mimi."

Mjomba akakubali miaka mitano, kwa sharti moja tu: ukoo wetu utajwe kwenye kitabu atakachoandika chuoni, wajukuu wajue shamba lilikwenda wapi. Mume wangu akamshika mikono yote miwili. "Mjomba, ukurasa wa mwanzo kabisa." Mjomba akacheka, "Sawa, mwalimu. Kiingereza sikijui, lakini jina letu nitalitambua hata likivaa suti."

Aliyekodi aliukata mdalasini wote akachuna maganda, migomba akaiacha ikaliwa na magugu. Tukavumilia. Mama yangu, aliyekuwa akigawia majirani ndizi, leo ananunua sokoni na hajanung'unika hata siku moja. Mume wangu akamaliza masomo. Kitabu kikaja, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu, na nakala moja akampelekea mama. Mama kakifunga kwenye kanga mpya. Mgeni akija anakifungua kwa adabu, anamwambia, "Hili ndilo shamba letu."

Mwezi uliopita nilimwomba binti yangu wa kidato cha tatu anisomee ule ukurasa wa shukrani kwa Kiswahili, nifurahi na mimi. Baba yake amemshukuru Mungu, msimamizi wake wa chuo, mkuu wa shule, walimu wenzake, hata dada wa steshenari aliyemchapia. Halafu mtoto akarudisha kidole mstari wa juu.

"Endelea."

"Mama, hapa ameandika masomo haya amejilipia mwenyewe kwa mshahara wake."

"Na ukoo?"

"Haupo."

"Na mimi?"

"Ameishukuru familia kwa subira."

Subira! Mimi niliyepanda ule mlima mara nne.

Nilimuuliza kwa upole, baada ya sala ya alasiri. Hakuona hata haya. "Mke wangu, wale ni maprofesa. Niwaeleze mwalimu mzima kasomeshwa na migomba ya ukweni? Hayo ni mambo ya kijijini."

Sasa mjomba ametolewa mtoto wa jicho, kapata miwani. Ametuma salamu kwamba Idd hii ukoo ukikusanyika kwa mama, kitabu kiletwe, mjukuu asome ule ukurasa mbele ya watu, na yeye aweke kidole chake kwenye jina. Mume wangu aliposikia akamwita binti yetu. "Wewe soma tu, jina la ukoo chomeka hapo katikati. Nani atajua?"

Mtoto akamtazama. "Na babu akisema nimwonyeshe neno lenyewe, baba?"

Mwalimu akavaa viatu akatoka.

Ndugu zangu, nikisema ukweli, mama yangu anaumbuka mbele ya kaka yake katika uzee huu, maana dhamana aliweka yeye. Nikinyamaza, mwanangu ataipokea Idd kwa uongo aliofundishwa na baba yake. Hata kukiiba kitabu nimewaza, Mungu anisamehe. Jana nilikwenda kwa mama nimweleze yote. Nikamkuta ameifua ile kanga, ameianika uani. Akaniambia, "Mwanangu, siku ya jina letu kitoke kikiwa safi." Nikamshikia pembe mbili tukaikunja, nikarudi nyumbani sijasema neno.

Idd haiko mbali. Nimwambie mama kabla, au nimwache ayasikie mbele ya ukoo? Mliopitia mazito, nishaurini mama mwenzenu, nifanye nini?