Siku Niliponyamaza Mlimani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na hainitoki hata leo, ingawa hapa Lizaboni, Songea, mlima wenyewe siuoni. Nimesikia mnapanga kwenda Umatengo kupanda milima, kutembelea makanisa ya huko juu na kupiga picha mabonde. Nendeni. Kule ni kuzuri, kahawa mpaka mlangoni, na mashamba ya ngoro yamechimbwa vishimo vishimo hadi karibu na vilele. Lakini kaa kwanza unisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikwenda na mdogo wangu Hilda kusali kwenye kikanisa kilichojengwa juu ya mlima, mbele ya Mbinga. Tulilala kwa Mzee Ndunguru, rafiki wa baba. Asubuhi alitusindikiza hadi mwanzo wa njia, akatuambia, "Ukungu ukishuka, kaeni chini hapo hapo. Msitembee, msiitane. Nitawafuata mimi."

"Ndiyo, babu," tuliitikia, kisha tukacheka tulipompa kisogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tuliijua sana, ila tuliiacha darasani.

Tulisali vizuri. Wakati wa kushuka Hilda alibaki nyuma kidogo kufunga kamba za viatu, nami nikatangulia. Ukungu ukaja ghafla, mzito, wa baridi, hata mkono wangu sikuuona. Nilipogeuka, Hilda hayupo.

"Hilda!"

"Dada!" Sauti ilitoka kushoto, nikaenda kushoto. Nikaita tena, ikatoka chini, nikashuka. Mara ya tatu ikatoka mbele yangu, karibu kabisa. Nikanyoosha mguu, na jiwe likachomoka chini ya kiatu. Kwa muda sikusikia kitu. Halafu likalia mbali sana huko chini.

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nilikumbatia mwamba kwa mikono miwili. Ndipo hofu kubwa zaidi ikaniingia: kama mimi naifuata sauti yake, basi yeye naye anaifuata yangu. Kila nikimwita, namvuta kwenye korongo hili.

Nikapaza sauti mara ya mwisho: "Hilda, kaa chini! Usije!" Kisha nikanyamaza.

Yeye hakunyamaza. "Dada, uko wapi? Dada, umekufa?" Alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nimeziba mdomo kwa kitenge, machozi yananitiririka. Nimezaa, nimezika, lakini sijafanya kazi ngumu kuliko ule ukimya.

Mzee Ndunguru alinifikia akipapasa njia kwa fimbo, Hilda akiwa ameng'ang'ania koti lake. Alimkuta ameketi, hatua chache tu kutoka ukingoni. Akanishika mkono, akanitoa pale. Tulipofika kwenye kahawa ndipo aliposema, "Bonde hili hurudisha sauti upande usio wake. Mlikuwa mnaitana kaburini." Kipofu akimwongoza kipofu, mwanangu, wote hutumbukia shimoni.

Hilda alininunia hadi tukapanda basi la Songea. "Nilikuita, ukanyamaza," alisema. Leo ni bibi wa watu na bado hunilaumu, nami namwacha anilaumu.

Sasa sikia. Ukungu hauko milimani tu. Siku hizi mnaitana kwa simu: njoo Tunduru kuna madini, njoo huku maisha safi, kumbe anayeita mwenyewe hajui amesimama wapi. Ukipotea, kaa chini, umngoje anayeijua njia. Na unayempenda usimwite mahali ambapo wewe huoni unapokanyaga, hata akikulilia. Afadhali nduguyo akununie akiwa hai.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kila uendako, akupe wenyeji wema, na akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe.