Mdoli Ndani ya Jicho

Tulijua macho ya mama yanakwisha siku nilipouma jiwe kwenye githeri yake, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe kama anayesaka mwizi, alikana. Eti jiwe limetoka sokoni. Mawe yote hutoka sokoni, lakini yeye hakuwahi kuyapika.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Kianjokoma, na wanafunzi wangu hawapumui kwa sababu ya Kilatini. Neno la kitaalamu likiwashinda, nawaonyesha lilikotoka. Lenzi ya jicho ilipewa jina la kamande, punje bapa kama dengu, kwa umbo lake. Retina ni wavu. Na mboni, ule weusi wa katikati, Waingereza huuita pupil, kutoka neno la Kilatini la mdoli mdogo, maana ukimsogelea mtu sana unajiona humo ndani, kadogo. Darasa hucheka, nami huringa.

Nikampeleka mama Meru kwa daktari wa macho. Akammulika, akapima, kisha akaniambia kwa Kiingereza, mama akiwa amekaa papo hapo, kwamba neva za macho yote mawili zimekufa. Si mtoto wa jicho, hakuna upasuaji. Maji yameshamwagika.

Tulipotoka nje tukaketi kwenye benchi, bodaboda zikipiga kelele getini. Mama huniita baba, kwa kuwa nina jina la babake. Akaniuliza kwa Kiembu daktari amesemaje. Nikaanza kumweleza neva ni nini, kwamba zamani neno hilo lilikuwa kamba ya upinde, kwamba kamba ikilegea mshale hauendi. 

"Baba," akanikatiza, "sijauliza jina. Nimeuliza kama nitaona."

 Jibu lilikuwepo kwa Kiembu, neno fupi la kila siku, hata mtoto mdogo analijua. Lilinishinda. Nilikata tamaa, na sioni aibu kusema hivyo.

Nikainuka polepole, nikapiga magoti mbele yake ili nimwambie usoni. Jua lilimpiga machoni. Ndani ya mboni yake nikamwona yule mdoli: mimi, na koti langu la ualimu, mdomo wazi.

Mama akanyoosha mkono pale nilipokuwa nimeketi, akapapasa mbao.

"Baba," akasema, "umeenda wapi?"