Mtihani wa jury Kamina: kwenye mazoezi mgonjwa wangu alikuwa wa plastiki

Wakuu, salamu kutoka Kamina, Haut-Lomami.

Nimetoka kazini, miguu inauma, msitegemee maneno matamu. Nitasimulia yaliyonikuta bila kutia chumvi, hata pale ambapo mimi mwenyewe sionekani vizuri.

Kuna mdogo wetu aliuliza humu kama mazoezi ya mtihani wa uuguzi yanafanana na mtihani wenyewe. Wengi mkamjibu "piga past papers, utatoboa". Nimesoma majibu yale nikachoka zaidi.

Kwa wasiojua: kwetu Congo kumaliza shule ya uuguzi hakukufanyi muuguzi, infirmier kama tunavyosema. Lazima upite mbele ya jury, yaani wasahihishaji kutoka nje ya shule yako. Kwanza unaandika karatasi, halafu unapelekwa kitandani kwa mgonjwa wa kweli. Ukianguka unasubiri kikao cha mwaka unaofuata.

Mimi nilikuwa nimeshaanguka mara moja. Nina mke na watoto wawili. Nilikuwa msaidizi tu wodini, wa kupiga deki na kubeba, na mkuu wa wodi alishaniambia: safari hii bila diploma, nafasi yako anachukua mwingine.

Basi nikafanya mazoezi mpaka nikajichukia.

Maswali yalikuwa fotokopi ya fotokopi, mengine hayasomeki, unakisia swali kwanza ndipo ukisie jibu. Kwa upande wa kitandani, shule yetu ina mannequin mmoja wa plastiki, hana mkono wa kushoto. Rafiki yangu Banza alikuwa anashika orodha ya hatua na kutia alama. Msalimie mgonjwa. Muulize jina. Mweleze unachotaka kufanya. Nawa mikono, vaa glavu, endelea.

Hatua ya jina nilikuwa naipita mbio. "Bonjour maman, jina? Merci maman." Mannequin hakuwahi kunikatalia kitu. Nilipata alama zote, Banza akaanza kuniita professeur, nami mjinga nikaitika.

Siku ya mtihani, karatasi haikunisumbua. Hapo walioshauri past papers wana haki yao, maswali mengine yalikuwa yale yale hadi koma.

Kabla ya kwenda wodini jury wakatangaza: atakayekuta mgonjwa ni ndugu yake aseme. Atatolewa, atasubiri kikao kijacho. Wagonjwa wa kubadilishana hawakuwepo.

Tukapiga kura ya vitanda. Nikapata kitanda cha sita, wodi ya wanawake. Kazi: kusafisha na kufunga jipu lililopasuliwa, juu kabisa ya paja.

Nikaingia na sinia langu, wasahihishaji wawili nyuma, mama mmoja mwenye miwani na mzee mmoja asiyecheka. Nikavuta pazia.

Aliyelala pale ni mama mkwe wangu.

Yeye anakaa kule Base, upande wa kambi ya jeshi nje ya mji. Kumbe aliletwa juzi yake, mke wangu akajua, akanificha ili nisome kwa utulivu. Nampenda sana mke wangu, lakini siku ile nilimkasirikia.

Sasa mnielewe. Katika familia zetu za Kiluba, ukwe si mchezo. Miaka saba nimemuoa binti yake, tukikutana njiani napisha pembeni. Hatushikani mikono. Jina lake sijawahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu. Na orodha inataka nimuulize jina, kisha nimfunue paja.

Nikasimama. Vyombo vikaanza kugongana kwenye sinia.

Yule mzee akaniuliza, "Candidat, unamujua uyu mama?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Wala si kwa uaminifu wakuu, ni uchovu. Nilitaka kwenda nyumbani nikalale, mambo ya uuguzi yaishe.

Mama mkwe akaniwahi, uso ameuelekeza ukutani.

"Miye simujue. Njo mara ya kwanza namuona. Mumuache afanye kazi, kidonda iko inauma."

Mzee akanitazama, akamtazama yeye. "Bon. Endelea."

"Bonjour mama," nikasema. "Jina yako njo nani?"

Akalitaja lote, pole pole, pamoja na la baba yake. Nikaliandika kwenye fiche, karatasi ya mgonjwa, huku masikio yanawaka kwa haya.

Nikamwambia kila kitu kabla ya kukigusa. Sasa natoa bandeji. Sasa naosha, itauma kidogo. Yeye anajibu "nasikia" tu, ameuma pindo la kitenge. Nilimfunika shuka kila mahali, nikaacha kidonda peke yake. Mannequin sikuwahi kumfunika hata siku moja. Hapa nilimfunika kwa sababu niliogopa kuona.

Koleo lilinianguka, ikabidi nichukue jingine, alama zikaenda. Tulipotoka, yule mama mwenye miwani akaniambia kwamba siku nzima mimi ndiye wa kwanza kumsitiri mgonjwa na kuzungumza naye kama mtu.

Nimepita, kwa alama za kawaida tu. Matokeo yalipotoka sikuruka wala kuimba. Nililala mchana kutwa.

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeuliza: karatasi za zamani fanya, zinasaidia. Lakini mgonjwa wa mazoezi hana aibu, na wewe ukimzoea unapoteza ya kwako. Fanyia mazoezi mtu ambaye ukimuumiza utashindwa kumwangalia usoni. Hata wewe lala kitandani kama mgonjwa, ufunuliwe, uone inavyokuwa.

Kuna jambo bado linanikera, na hapa nataka mnipe maoni yenu bila kunibembeleza. Nilikaa kimya wakati mama mkwe anadanganya jury. Je, diploma hii ni halali yangu? Banza anasema ndiyo. Mimi kuna siku naivaa blouse nyeupe ya uuguzi naona inanibana.

Nilimtuma mke wangu akamuulize mama yake kwa nini alisema hanijui, maana mimi siwezi. Jibu limekuja jana:

"Uambie ule infirmier, kidonda imepona, aksanti sana. Lakini bwana yako, tangu sikukuu ya Noël siyamuone. Iko muzima?"