Mfuaji Anayekunja Kiingereza

Uongozi wa hospitali unawatangazia wafanyakazi wote wa chumba cha kufulia kuwa, kuanzia leo, birika la chai litakaa upande wa kulia wa rafu. Tangazo lina muhuri na sahihi mbili.

Chini yake, wanawake wawili wametandaza shuka hewani, kila mmoja ameshika ncha mbili.

“Wifi, leo ‘since’ au ‘for’?” anauliza mmoja.

“Zote. Jana ulizipika chungu kimoja.”

Anayeuliza ni mfuaji. Anayejibu ni dada wa mumewe, aliyebaki na Kiingereza cha shuleni. Utaratibu wao ni mmoja: kila mkunjo, sentensi. Sentensi ikikosewa, shuka hukunjuliwa na kazi huanza upya.

“I have worked here for many years,” anasema mfuaji, na ncha zinakutana. “I have been coughing since…”

Anakohoa kweli. Wifi yake anasubiri, shuka likining’inia.

Mvuke na dawa ya madoa vimemharibia kifua. Daktari amemtaka ahame chumba hiki. Nafasi pekee iliyo wazi ni dirisha la mapokezi, nalo halipatikani bila mtihani wa kuzungumza Kiingereza.

Mtihani huo aliufanya wiki iliyopita. Aliketi mbele ya watahini, mikono mitupu, akawa bubu.

“Maneno yalikuwepo,” anasema. “Yalikwama viganjani.”

Ndipo, palepale mtihanini, akasimama, akaomba radhi, akaondoa kitambaa cha meza ya watahini na kumkabidhi katibu wao ncha mbili.

“Mama, hiki ni kikao.”

“Najua, baba. Vuta kidogo, umelegeza.”

Katibu akavuta. Swali likaulizwa, mkunjo ukafuata, jibu likatoka limenyooka. Likaja jingine, kisha jingine. Wapita njia walisimama mlangoni, wakasahau walikokuwa wakienda. Hakuna aliyekohoa, hata yeye. Mwishowe kitambaa cha meza nzima kilitulia juu ya kiganja chake, na hapakuwa na sentensi hata moja iliyokunjuliwa.

“Nataka nikae penye hewa tu,” anamwambia wifi yake sasa, “nimwelekeze mgonjwa bila kumkoholea.”

Jana uamuzi ulitolewa. Kamati ya mtihani imeridhika kwamba majibu yote yalikuwa sahihi. Hata hivyo, kwa kuwa kanuni hazielezi iwapo mtahiniwa anaruhusiwa kujibu akiwa ameshika kitambaa, suala hilo limepelekwa kwenye kamati ndogo itakayoundwa. Kwa sasa mtahiniwa ataendelea kufua, na dirisha la mapokezi litabaki limefungwa.